Kijana wa Doncaster na namba ya mzazi iliyopigwa vibaya

Tangu nistaafu upelelezi, watu hapa Mwanga, Kigoma, hunijia na kesi walizoziona kwenye simu zao, wakitaka nitoe nadharia. Inayorudi mara nyingi ni ya mwanafunzi wa miaka 14 wa Doncaster, Uingereza, aliyepotea Ijumaa ya tarehe 14 Septemba 2007 na hadi leo hajapatikana. Kuna anayeshikilia kwamba alirubuniwa mtandaoni, na kuna anayesema alijiondokea mwenyewe. Mimi katika kesi ile nasumbuliwa na simu moja tu.

Asubuhi ile kijana alitoka kama anakwenda shule, akajisogeza pembeni mpaka wazazi wakaenda kazini, kisha akarudi nyumbani. Sare akaitia kwenye mashine ya kufulia, akavaa nguo za kawaida. Akatoa pauni 200 benki, akaenda stesheni kukata tiketi ya London. Mkata tiketi alimweleza kwamba ya kwenda na kurudi ingemwongezea hela kidogo sana, akakataa. Kabla ya saa 6 mchana kamera ya stesheni ya King's Cross ilimnasa akitoka nje. Baada ya hapo hakuna kilichothibitika. Alibeba kifaa chake cha michezo, PSP, akaacha chaja, na chaja hiyo imebishaniwa kuliko inavyostahili. Vijana wangapi husafiri bila chaja?

Simu ninayoisema ni ya shule. Walimu waliona hayupo, mtoto ambaye hakuwa na tabia ya kukosa, wakapiga nyumbani. Namba waliyopiga haikuwa ya wazazi wake. Familia ikajua jioni, ilipofika saa ya chakula. Picha ya King's Cross nayo ilipatikana baada ya wiki kadhaa, na kamera nyingi hurekodi juu ya picha zake za zamani. Kwa hiyo picha za mabasi, maduka na mitaa ambazo zingeonyesha alielekea wapi zilikuwa zimeshajifuta.

Sasa njoo kwetu. Namba ya mzazi katika daftari la shule mara nyingi iliandikwa siku mtoto anaanza kidato cha kwanza. Tangu hapo laini imepotea, au namba ni ya baba mdogo aliyeko Uvinza. Mwalimu akipiga haipatikani, anaandika mtoro, siku inapita. Nyumbani nako wanadhani yuko kwa shangazi. Halafu kuna ile imani kwamba polisi hawapokei taarifa mpaka saa 24 ziishe. Hakuna sheria Tanzania inayomtaka mzazi asubiri. Nenda kituoni jioni hiyo hiyo, ueleze, uchukue RB, yaani namba ya taarifa yako katika kitabu cha polisi, na ukiona unazungushwa ulizia dawati la jinsia na watoto. Namba 116 ya huduma kwa mtoto nayo ipo.

Kamera tunazo chache, kwa hiyo sehemu kubwa ya picha zetu ziko vichwani mwa watu: wakata tiketi wa stendi ya Masanga, bodaboda, wapagazi wa stesheni, akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi. Picha hizo nazo hujifuta, tena kwa namna mbaya zaidi, kwa sababu shahidi hasemi amesahau. Anakupa siku nyingine kwa hakika kabisa. Mtu aliyemwona msichana Jumatatu atakuapia ilikuwa Jumatano, siku ambayo habari za kupotea zilimfikia.

Ndiyo maana shahidi wa hapa simuulizi tarehe. Mazungumzo huenda hivi:

"Ulimwona lini?"

"Juzi juzi tu hapo, mzee."

"Usiku wake mliingia ziwani?"

"Hapana, mbalamwezi ilikuwa kubwa. Tulikuwa tunashona nyavu."

Hapo nimepata kitu. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hupumzika. Umri wa mwezi unahesabika hata kwa tarehe ya miaka 10 iliyopita, kwa hiyo jibu lile linabana siku na kuziondoa nyingine nyingi. Siku ya gulio, siku ya treni na Ijumaa ya msikitini nazo hufanya kazi hiyo hiyo. Jalada la zamani likifunguliwa upya, hapa ndipo ningeanzia.

Simu ya mwanafunzi inahitaji maelezo kidogo. Shule nyingi haziruhusu simu, kwa hiyo aliyo nayo ni ya kificho, na laini yake imesajiliwa kwa alama za vidole za mtu mzima. Huyo mtu mzima ni nani? Swali hilo mara nyingi lina thamani kuliko orodha nzima ya namba zilizopigwa. Minara haitaji nyumba, inataja eneo, na ukiwa karibu na mpaka, Manyovu au Kagunga, simu huweza kushika mtandao wa Burundi.

Mwaka 2011 sehemu ya mto Thames ilipekuliwa kwa sonar, mitambo inayopima chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, kumtafuta kijana wa Doncaster, hakuonekana. Ziwa letu lina kina kinachofika mita 1,470 hivi na linagusa nchi 4. Sitaki kumwambia mzazi yeyote kwamba tutalipekua. Mwaka 2021 polisi wa Uingereza walikamata watu wawili, na baadaye wote wakaachiwa bila mashtaka. Hata hivyo jalada halikufungwa, na jalada lililo wazi linahitaji vinasaba vya aliyepotea, vya kulinganishia siku akipatikana mtu au mwili.

Kwa hiyo mzazi, usifue wala kuosha vitu alivyoacha mtoto. Mswaki wa mtoto, kitana chenye nywele, shati alilovaa mwisho, kila kimoja kiwekwe peke yake kwenye bahasha ya kaki, kikiwa kikavu. Nailoni hutunza unyevu na kuozesha vinasaba, na maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali haiwezi kufanya kazi na ukungu. Juu ya bahasha andika tarehe, kitu kilikuwa wapi, na nani amekigusa. Kisha mwachie mpelelezi aifunge mbele yako, na wote wawili mtie saini.