"OK": kifupi cha maneno yaliyokosewa makusudi

Swali la "OK" ni kifupi cha nini hutufikia mara kwa mara, na jibu lake huwavunja moyo wengi: neno hili lilianza kama mzaha.

Mwishoni mwa miaka ya 1830, waandishi wa magazeti wa Boston, Marekani, walipenda kufupisha maneno, na utamu wa mchezo wenyewe ulikuwa kuyaboronga kwanza. "All right", yaani sawa, waliliandika "oll wright", likawa O.W. "No use", yaani haina maana, wakaligeuza "know yuse", likawa K.Y. Tarehe 23 Machi 1839 gazeti la Boston Morning Post likachapa "o.k." katika habari ya kejeli na kuifafanua papo hapo: "all correct", yote sahihi, iliyoborongwa kuwa "oll korrect". Kichekesho ni kwamba katika herufi hizo mbili hakuna hata moja iliyo sahihi.

Vifupi hivyo vingi vilisahaulika. Hiki kiliokolewa na siasa. Mwaka 1840 Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, alikuwa akitetea kiti chake. Wafuasi wake wakamwita "Old Kinderhook", Mzee wa Kinderhook, na kuanzisha klabu za O.K. Wapinzani nao hawakulala. Walizusha kwamba mtangulizi wake, Andrew Jackson, ndiye aliyekuwa akiandika "oll korrect" kwenye hati kwa kutojua tahajia. Uongo mtupu, lakini ulilieneza neno kuliko sifa. Van Buren akashindwa na William Henry Harrison, na OK ikabaki. Baadaye watu wa telegrafu waliipenda kwa ufupi wake.

Aliyefukua haya yote ni mtaalamu wa lugha Allen Walker Read wa Chuo Kikuu cha Columbia, katika makala alizochapisha mwaka 1963 na 1964. Kabla yake wengi waliamini neno limetoka katika lugha ya Wachoktaw, wenyeji wa Marekani. Rais Woodrow Wilson aliandika "okeh" kwa imani hiyo. Wengine hutaja "ola kala" la Kigiriki, au "waw kay" la Kiwolof, lugha ya Afrika Magharibi. Hili la Kiwolof binafsi ningelifurahia, ila kufanana kwa sauti hakutoshi: hakuna maandishi yanayoliunganisha na Boston ya 1839.