Wabaptisti hawasemi maji ndiyo yanayookoa

Kuna ujumbe unaozungushwa kila mara kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Uganda: eti Wabaptisti hufundisha kwamba asiyezamishwa majini haingii mbinguni, na mtoto akifa bila ubatizo amepotea. Sivyo.

Kwao mtu huokolewa kwa neema, kwa kumwamini Kristo. Ubatizo hufuata, kama ushuhuda wa hadharani. Ndiyo maana mchungaji, maji yakimfika kiunoni, humuuliza kwanza anayebatizwa kama amemwamini Yesu, ndipo humlaza kinyumenyume na kumwinua: mfano wa kuzikwa na kufufuka. Mtoto mchanga hawezi kujibu swali hilo, basi huombewa na kusubiriwa akue. Tena Wabaptisti wa kwanza, Amsterdam mwaka 1609, walimwagiwa maji tu. Kuzamisha kulishika miaka ya 1640.

Naelewa mkanganyiko unakotoka. Wengi wetu tulibatizwa wachanga, na yapo makanisa mengine yanayozamisha na kusema bila ubatizo hakuna wokovu. Kwa macho, yanafanana.

Ukitaka kuhakikisha, omba ungamo la imani la kanisa lenyewe, yaani maandishi ya yale linaloamini, au soma Luka 23:43, ambapo mhalifu msalabani anaahidiwa paradiso bila kubatizwa. Ujumbe huo ukikufikia, ndugu yangu, usiusambaze. Unawaumiza wazazi waliozika mtoto.