Umeme wa sola uliozidi: ni safi mpaka wapi?

Dhana: Umeme uliozidi hauna madhara, tumia utakavyo.

Mchana, hilo lina ukweli mwingi. Saa sita pale Igoma au Buhongwa, jijini Mwanza, betri ikishajaa, kontrola, yaani kifaa kinachosimamia uchaji wa betri, hupunguza umeme unaotoka kwenye paneli, na nguvu ya jua inaishia kuwa joto tu juu ya bati. Ukiwa na paneli za kutosha, ukachomeka jiko la presha ukachemsha maharage saa hiyo, hujaongeza moshi wowote. Moshi wa kutengeneza paneli ulishatoka kiwandani. Kadiri unavyoitumia, ndivyo unavyogawanyika kwa uniti nyingi. Mwaka 2014 jopo la Umoja wa Mataifa la tabianchi lilikadiria gramu 41 za hewa ukaa kwa uniti moja ya sola ya juu ya paa, na 820 kwa makaa ya mawe. Na maharage ndiyo yanayomaliza gunia la mkaa!

Dhana: Ukiuweka kwenye betri utumie usiku, ni yaleyale.

Si yaleyale hata kidogo. Kila unapoitumia na kuichaji, betri inachoka, na ile ya maji, yaani ya risasi na tindikali, chaji yake ikishushwa chini ya nusu kila usiku inakufa mapema. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi. Tatizo linaanza ikishakufa: inapasuliwa uani kwa nyundo, tindikali inamwagwa mtaroni, risasi inayeyushwa kwenye sufuria watoto wakiwa wanacheza pembeni. Mvua ikinyesha, mtaro unaelekea Mto Mirongo, na Mirongo unaishia Ziwa Victoria. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Ubongo wa mtoto ndio unaoumia zaidi. Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya, lakini fedha haziitoi risasi kwenye damu ya mtoto.

Kwa hiyo kazi nzito, kama kupiga pasi, kuvuta maji na kupika, zifanye jua likiwa juu. Na kabla hujalipia betri mpya, muulize muuzaji kama anaipokea ya zamani ikiwa nzima, na tindikali yake ndani.

Dhana: Kazi yoyote ya sola ni rafiki wa mazingira.

Waulize wavuvi wa dagaa. Taa za sola zimeanza kuchukua nafasi ya karabai, na hilo nalifurahia: mafuta ya taa hayamwagiki majini, wala mvuvi havuti moshi usiku kucha. Lakini dagaa hufuata mwanga, haijalishi umetoka wapi. Karabai ilikuwa na gharama ya mafuta kila usiku. Taa ya sola ukishainunua, kuwasha ya pili na ya tatu ni rahisi. Taa zikiongezeka na nyavu zikawa za matundu madogo, wanaovuliwa ni wale ambao hawajazaa bado.