Je, wajua? Kofia nzuri ya pikipiki hutengenezwa ili iharibike

Msimu wa korosho ukichanganya, maduka ya pikipiki Mtwara mjini hutundika kofia ngumu hadi barazani, maana mkulima aliyelipwa akinunua pikipiki hununua na elementi, yaani kofia hiyo, hapohapo. Nimewaona wengi wakichagua. Wanaigonga kwa kifundo cha kidole kama mtu anayekagua dafu. Ikiwa nzito na ikilia kwa ugumu, wanalipa. Yangu ya kwanza niliichagua hivyohivyo.

Kisha kijana mmoja wa kijiwe chetu akateleza kwenye mchanga, barabara ya Mikindani. Kichwa kikagonga lami. Aliinuka, akajipangusa, akatembea. Lakini kofia yake, aliyoinunua kwa bei iliyotushangaza sote, ilikuwa na ufa kutoka juu ya sikio hadi kisogoni, na ndani povu lilikuwa limebonyea. Kijiwe kizima tukasema kapigwa: pesa yote ile, kuanguka mara moja tu imepasuka! Nami nilisema hivyo, tena kwa uhakika. Nilikosea. Kofia ile ilikuwa imefanya kazi yake yote.

Kosa linaanza pale tunapodhani kofia ni ngao. Ngao huzuia kitu kisipenye, mkuki au mshale. Lami haipenyi kichwa. Kinachoua ni kusimama ghafla. Kichwa kikishuka, ubongo unashuka nacho. Fuvu likisimama, ubongo bado uko safarini, unajigonga kwenye ukuta wa ndani na mishipa yake inavutika. Ndiyo maana mtu anaweza kufa fuvu likiwa zima.

Sasa chukua fundi wa Kimakonde akuchongee kofia ya mpingo, nene vidole viwili. Hiyo haitapasuka, na ukiigonga dukani hakuna itakayoishinda kwa mlio. Ivae, uanguke. Mpingo ukifika kwenye lami unasimama papo hapo, na kichwa kilichomo ndani kinaugonga mpingo. Umebadilisha tu kitu cha kugonga. Kofia niliyokuwa nikiitafuta kwa kifundo cha kidole ilikuwa hiyo ya mpingo.

Dondosha nazi mbili kutoka urefu uleule, moja kwenye sakafu ya saruji, nyingine kwenye mchanga wa ufukwe wa Shangani. Zote zinafika chini kwa mwendo mmoja. Ya kwanza inapasuka, ya pili inazama kidogo na kubaki nzima. Mchanga haukupunguza urefu wala uzito. Ulichofanya ni kuipa nazi umbali wa kusimamia. Povu la ndani ya kofia ni mchanga huo, uliobebwa kichwani.

Umbali huo una thamani kubwa kuliko inavyoonekana. Kichwa cha mwendeshaji kiko kama mita 1.5 juu ya lami. Kikianguka kutoka hapo kinafika chini kwa karibu kilomita 20 kwa saa, hata kama pikipiki ilikuwa inakwenda 60. Ile 60 ni ya kwenda mbele, na mtu akiserereka bila kugonga mti au lori, huisha kidogo kidogo. Kichwa kikisimama ndani ya milimita 2, kinapata mshtuko wa karibu mara 750 ya uzito wake. Kikisimama ndani ya milimita 25 za povu linalobonyea, unashuka hadi kama mara 60. Hesabu hii nimeirahisisha, kwa kuwa povu halibonyei kwa usawa mwanzo hadi mwisho, lakini uwiano ndio huo: umbali ukiongezeka mara 12 na nusu, mshtuko unagawanywa kwa kiasi hichohicho. Kipimo cha ECE 22, kanuni ya Umoja wa Mataifa ya kupimia kofia za pikipiki, kimejengwa juu ya jambo hili. Toleo lake la 05, lililotangulia la 06, liligongesha kofia kwa mita 7.5 kwa sekunde, sawa na kuidondosha kutoka karibu mita 3.

Povu lenyewe ni ndugu wa lile jeupe linalozunguka televisheni mpya ndani ya boksi, ila uzito wake umepimwa. Ni vipovu vingi vya hewa, na kila kimoja kinapopondeka kinakula sehemu ya kipigo. Halirudi kama godoro, na ni heri lisirudi, maana godoro lingekirusha kichwa upande wa pili. Mtengenezaji anahangaika hapa: povu likiwa gumu mno tumerudi kwenye mpingo, likiwa laini mno linaisha kubonyea kabla kichwa hakijasimama. Kofia zilizofanyiwa kazi vizuri huwa na povu la ugumu tofauti sehemu tofauti. Gamba la nje lipo ili kutawanya kipigo, kuzuia jiwe lisichome povu na kuifanya kofia iteleze badala ya kung'ang'ania lami. Gamba likipasuka, huo nao ni ulaji wa kipigo.

Elimu hii si ya zamani sana. Hugh Cairns, daktari wa upasuaji wa ubongo aliyemhudumia T. E. Lawrence, mwanajeshi na mwandishi maarufu wa Uingereza, baada ya ajali yake ya pikipiki Uingereza mwaka 1935, alichapisha mwaka 1941 uchunguzi wake juu ya majeraha ya kichwa ya waendesha pikipiki, na jeshi la nchi hiyo likawalazimisha matarishi wake kuvaa kofia.

Je, bei kubwa inalipa? Inalipa hadi mahali fulani. Kofia za bei ya chini kabisa mara nyingi ukifunua kitambaa unakuta sponji iliyobandikwa kwenye plastiki, basi. Hiyo ni mpingo mwepesi. Funua, bonyeza kwa dole gumba: unatakiwa kukuta povu kavu, gumu kiasi, nene hadi juu ya masikio. Tazama lebo iliyoshonwa kwenye mkanda wa kidevuni, herufi E ndani ya duara na namba inayoanza na 05 au 06, yaani toleo la kipimo kile cha ECE 22. P baada ya namba inamaanisha hata sehemu ya kidevu imepimwa kuwa inakinga. Lebo nazo hughushiwa, kwa hiyo dole gumba lisiachwe nyumbani.

Ukishavuka hapo, bei haisemi mengi. Mpango wa SHARP wa serikali ya Uingereza hugonga kofia maabara na kuzipa nyota 1 hadi 5, na kofia za bei ya wastani zimepata 5 huku nyingine za bei kubwa zikiachwa nyuma. Unachoongezewa ni wepesi, hewa, ukimya na rangi. Kwa joto la Lindi saa saba mchana, hewa si anasa, kwa sababu kofia inayochoma huishia kuning'inizwa kwenye kiwiko. Mapitio ya mwaka 2008 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaojumlisha tafiti za afya, yaliyojumuisha tafiti 61 yalikuta kofia inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mapitio hayohayo yalisema ushahidi hautoshi kupanga aina moja ya kofia juu ya nyingine.

Jaketi na glavu zina ushahidi mwembamba zaidi. Utafiti wa Australia wa 2011 uliofuatilia watu 212 waliopata ajali ulionyesha waliovaa glavu za pikipiki walikuwa na uwezekano mdogo wa kulazwa kwa asilimia 59, na wa jaketi asilimia 21. Lakini kati ya jaketi zilizovaliwa, karibu 3 katika 10 ziliharibika katika ajali. Na anayejali kuvaa glavu huenda anaendesha kwa uangalifu tangu mwanzo. Pesa zikiwa chache, mimi ningemaliza kwanza kofia inayobana vizuri, kisha glavu na viatu vya kufunika badala ya ndala, jaketi baadaye.

Yule kijana alikuwa ameuziba ufa kwa gundi, kofia akaifanya ya abiria. Nilimwomba aniuzie, nikaikata katikati kwa msumeno. Upande wa kulia povu lilikuwa nene vidole viwili. Upande wa kushoto, alikoangukia, kidole kimoja.