Hasira Si Ushahidi: Falsafa Kidogo Kabla ya Kikao cha Usuluhishi

Ofisi yetu hapa Kisumu, inayoshughulikia usuluhishi wa mashauri yanayoelekezwa kwetu na mahakama, imekuwa ikipokea lalamiko moja linalojirudia, hasa katika mashauri ya ardhi na ya familia, kwamba msuluhishi hakuusikiliza uchungu wa mlalamikaji. Tunalichukulia lalamiko hili kwa uzito, kwa sababu wengi wanaolileta ni watu waungwana waliokuja kwa nia njema na uchungu wao ni wa kweli. Hata hivyo, mara nyingi linatokana na dhana kwamba aliyekasirika zaidi ndiye aliyedhulumiwa zaidi. Dhana hiyo haina msingi katika sheria, na wanafalsafa waliichunguza hasira zamani sana wakaonyesha ni kwa nini.

Kwa kuwa yanayosemwa katika usuluhishi ni siri, sitasimulia shauri la mtu yeyote, bali nitatoa mfano wa kubuni. Mzee mmoja anauza mitumba katika soko la Kibuye. Jumapili, wateja wakiwa wamefurika, anapigiwa simu kutoka Nyakach na kuelezwa kwamba mdogo wake ameukata ua wa minyaa unaotenganisha mashamba yao, shina baada ya shina, hadi karibu na kaburi la baba yao. Moyo unamwenda mbio na mikono inamtetemeka. Anamwachia jirani kibanda, anapanda matatu ya kwenda Sondu, na kabla hajafika Ahero amekwisha kujiambia, "Huyu amenidharau." Anaposhuka, jambo la kwanza analoulizia ni panga.

Seneca, mwanafalsafa wa Kiroma aliyefariki mwaka 65 baada ya Kristo, alimwandikia kaka yake Novatus vitabu vitatu kuhusu hasira, na humo aliitenganisha safari ya mzee kama huyu katika hatua tatu. Moyo kwenda mbio ni hatua ya kwanza, nayo si hasira bado. Ni mshtuko ambao hakuna awezaye kuuzuia, na hakuna sababu ya kumlaumu mtu kwa ajili yake. Hatua ya pili ni pale akili inapoliafiki wazo kwamba nimedhulumiwa na aliyenidhulumu anastahili kuadhibiwa. Ya tatu ni pale mtu anapotaka kisasi kwa vyovyote vile, iwe ni haki au si haki, na akifika hapo hakuna hoja inayomwingia. Kazi yote ya kufikiri, basi, iko katika hatua ya pili, na dawa kubwa aliyoipendekeza Seneca ni kuchelewa. Methali yetu ya hasira hasara inaeleza matokeo. Seneca anatuonyesha ni mahali gani mtu angeweza kusimama.

Turudi ndani ya matatu. Mzee anajua jambo moja tu, kwamba ua umekatwa, tena kwa kusikia. Kwamba amedharauliwa ni hukumu aliyoitoa mwenyewe. Huenda mdogo wake aliikata minyaa kwa sababu utomvu wake ulimwingia mtoto machoni, jambo ambalo kila aliyelelewa karibu na ua wa aina hiyo analifahamu. Huenda alidhani mpaka uko kwingine. Huenda pia alikusudia dharau. Epictetus, aliyezaliwa mtumwa na baadaye akawa mwalimu huko Nicopolis, Ugiriki, alifundisha kwamba watu hawasumbuliwi na mambo yenyewe bali na hukumu wanazoyapa mambo hayo, na kwamba ni lazima kutenganisha yaliyo katika uwezo wetu na yasiyokuwemo. Ua uliokwisha kukatwa haumo katika uwezo wa mzee. Hukumu yake imo, na anachofanya akifika pia kimo.

Hapa ndipo tunapokatizwa kila mara na swali, "Kwa hiyo nimwachie shamba?" Hapana. Hakuna mwanafalsafa niliyemtaja aliyesema hivyo, na wananchi wanaoondoka kikaoni kwa sababu wamedhani kutulia ni kusalimu amri wanajiumiza wenyewe. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba asiyekasirika kwa jambo linalostahili kukasirikiwa huonekana mpumbavu, ila hasira hiyo iwe kwa mtu anayehusika, kwa kiasi chake, kwa wakati wake na kwa namna ipasayo. Kwa maoni yangu, Seneca anafaa zaidi siku ile ya simu na Aristotle anafaa zaidi siku ya kikao, kwa sababu kikaoni dai lazima lisemwe, tena kwa nguvu.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya Wazungu. Profesa Henry Odera Oruka, mzaliwa wa Siaya aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi hadi kifo chake mwaka 1995, alitumia miaka mingi kuwahoji wazee wenye hekima nchini. Alionyesha kwamba baadhi yao hawakuishia kuihifadhi mila, bali waliihoji pia na kuitolea hoja zao wenyewe. Mzee wa namna hiyo angemuuliza muuza mitumba wetu swali gumu: je, kuzaliwa kwanza ni sababu tosha ya kuamua peke yako mpaka upite wapi?

Sasa sheria. Kukata mali ya mwingine kwa makusudi na bila haki ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake hufikia miaka 5. Kuzua fujo inayoelekea kuvunja amani, chini ya kifungu cha 95, ni hadi miezi 6. Kumshambulia mtu na kumdhuru mwilini, chini ya kifungu cha 251, ni hadi miaka 5. Ieleweke kwamba kukasirishwa na ua hakumkingi aliyeshika panga. Aidha, kwa mujibu wa kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, mahakama haisikilizi mgogoro wa mpaka wa ardhi iliyosajiliwa kabla Msajili wa Ardhi hajaamua mipaka, kwa hiyo anzeni huko. Shauri likielekezwa kwenye usuluhishi, kwa kawaida hutengewa siku 60. Upande unaokaidi kuhudhuria unaweza kuamriwa kulipa gharama, au hata hati zake za madai zikafutwa. Makubaliano yakiandikwa na kusajiliwa mahakamani, hutekelezwa kama hukumu na hayakatiwi rufaa, kwa hiyo msitie sahihi kwa hasira wala kwa uchovu.

Kabla ya kikao, tunaomba kila upande uandike karatasi moja. Juu yake, andikeni yale mliyoyaona au kuyasikia wenyewe, pamoja na tarehe. Chini yake, andikeni yale mliyoyahitimisha kuhusu nia ya mwenzenu. Msuluhishi ataanza na sehemu ya juu, na sehemu ya chini ataigeuza kuwa maswali, ili mwenzenu apate nafasi ya kuyajibu mbele yenu.