Nani Kasema Maskini Hawezi Kuukataa Mgodi?

Dhana: mwenye njaa hachagui. Penye umaskini mgodi wowote utapokelewa, kukataa ni anasa ya matajiri.

Ukweli: mwaka 2002 wakulima wa Tambogrande, kaskazini mwa Peru, walipiga kura. Chini ya nyumba zao kulikuwa na dhahabu na shaba, na kampuni ya Kanada ilitaka kuhamisha sehemu ya mji ili ichimbe. Zaidi ya asilimia 90 ya waliopiga kura walisema hapana. Hawakuwa matajiri. Walikuwa na mindimu na miembe, kwenye ardhi iliyokuwa kame mpaka mifereji ya umwagiliaji ilipofika, na walijua maji yakiharibika watabaki na nini. Hesabu waliipiga wenyewe. Wala si utajiri unaofanya watu wakatae: Australia ni tajiri, na migodi imejaa.

Dhana: wanaopinga hawajaelimishwa.

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inamfanya mwanakijiji aonekane mtoto. Watafiti wa CSIRO, taasisi ya sayansi ya Australia, waliwauliza wananchi wa Australia, China na Chile, nchi tatu zenye uchumi na siasa tofauti kabisa. Kote huko kukubalika kwa migodi kulifungamana na mambo yaleyale: je, tunasikilizwa? Faida inagawanywa kwa haki? Serikali ina uwezo wa kuisimamia kampuni? Semina ya kueleza faida za shaba haijibu hata swali moja kati ya hayo.

Dhana: leseni ikishatoka, ridhaa ipo.

Mei 2020 kampuni ya Rio Tinto ililipua mapango ya Juukan Gorge, Australia, yenye dalili za watu kuishi humo tangu miaka 46,000 iliyopita. Kibali cha kisheria ilikuwa nacho. Wenyeji walikuwa wamepinga. Lawama zikafuata, na mtendaji mkuu wa kampuni akaondoka kwenye cheo chake.

Dhana: mgodi ukishaanza kuingiza fedha, hakuna wa kuugusa.

Mgodi wa shaba wa Cobre Panamá ulikuwa ukichangia takriban asilimia 5 ya pato la taifa la Panama. Oktoba 2023 mkataba wake mpya ulipitishwa bungeni harakaharaka, na rais akausaini siku hiyohiyo. Watu wakajaa barabarani kwa wiki kadhaa, wengi wao wakiishi mbali na mgodi. Tarehe 28 Novemba Mahakama ya Juu ikatamka kuwa mkataba unakiuka katiba, na uchimbaji ukasimama.