Warusha mikuki si bure, umewaweka upande mbaya

Jumamosi, hapa Kondele, Kisumu, kijana aliyekuwa akicheza gemu ya vita kwenye kompyuta ya dirishani alisukuma kibodi na kusema, "Hawa warusha mikuki ni bure, wanakula pesa tu." Neno hilo nimelisikia mara nyingi mno. Leo nalijibu.

Nilitazama skrini yake. Vikosi vitatu, vyote vimepangwa uso kwa uso na ukuta wa ngao. Mikuki inaruka, inagonga mbao, inaanguka chini. Sasa kosa ni la mikuki?

Dogo, ngao hushikwa mkono wa kushoto! Gemu kadhaa za vita vya kale zinalihesabu hilo. Mkuki ukitoka mbele au kushoto hukuta ngao; ukitoka kulia au nyuma hukuta mwili. Acha askari wazito wamshike adui mbele, wewe zungusha mikuki hadi ubavu wake wa kulia, ndipo urushe. Alirudia vita vilevile hivyo, na kikosi kilichokuwa kinamsumbua kikatimua mbio kabla warusha mikuki wake hawajaishiwa mikuki.

Hili halikubuniwa na watengeneza gemu. Mwaka 390 kabla ya Kristo, karibu na Lechaion, bandari ya Korintho, Wasparta wapatao 600 walikuwa wakipita barabarani, ubavu usio na ngao ukiwa wazi. Iphicrates, jemadari wa Athene, akawaachilia warusha mikuki wake. Wasparta wakikimbiza, wale wepesi wanarudi nyuma. Wakichoka na kugeuka, mikuki inawafuata mgongoni. Wakafa kama 250, na hao ndio waliokuwa wakiogopwa Ugiriki nzima.

Wapiga mishale ni rahisi zaidi, kwa kuwa mshale hupanda na kushuka juu ya vichwa vya wenzako. Kwenye gemu hizi, jiwe la kombeo na mkuki huruka chini chini: ukiwapanga nyuma ya mstari wako, watawapiga watu wako mwenyewe visogoni.

Kuhusu kile kitufe cha kuwafanya warudi nyuma wenyewe adui akisogea, bado nayumba. Kwa miaka nimefundisha kukizima, kwa sababu kikiwa kimewashwa wanakimbia kabla ya kurusha hata mara moja. Lakini kwenye uwanda wazi, farasi wakitokea huku macho yangu yako upande mwingine wa ramani, nimepoteza kikosi kizima kwa sekunde chache. Siku hizi nakizima wakiwa ubavuni, nakiwasha nikiwaacha peke yao.